Lenzi Niliyosema Imeanguka

Kwa aliyeanza kunisoma leo: mimi ni mpiga picha, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na nina hasira za karibu. Kwa mlionisoma wiki iliyopita mkaniandikia ujumbe wa matusi, nimeusoma wote. Mmoja wenu hajui kutukana, aache.

Mambo yalifikia hapa. Nilipiga picha wanafunzi mia moja na kumi na wanane wanaomaliza shule, mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja kwenye mabenchi. Picha zote zikatoka na ukungu. Mwalimu mkuu alizirudisha, akasema hawatambui wanafunzi wake, na kwamba yeye mwenyewe amejitambua kwa tai tu.

Nikasema wifi yangu ameangusha lenzi.

Wifi ni dada yake mume wangu. Studio ni yetu sote wawili, mwaka wa tisa huu. Mimi napiga, yeye anabeba begi, anapanga watu na kusafisha picha kwenye kompyuta. Siku ile ya shule begi lilikuwa begani kwake. Alisema hakuiangusha. Nikasema ameiangusha. Akalia. Nikamwambia machozi hayatengenezi lenzi.

Halafu, mbele ya mume wangu na mama mkwe, nikala kiapo. Nilisema lenzi ile ikionekana nzima, nitampigia wifi magoti, na studio nitamwachia yeye, mimi nibaki kumbebea begi. Hakuna aliyeniomba niape. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, unatangulia.

Wifi akachukua mkoba wake akaondoka. Wiki tatu hajakanyaga studio. Mwalimu mkuu akanipa nafasi ya mwisho ya kurudia picha, Jumamosi, kabla wanafunzi hawajatawanyika. Kwa hiyo Jumatano nikaenda kununua lenzi mpya. Mlangoni mwa duka ndipo nilipowaacha.

Sasa tuingie.

Duka la fundi wa lenzi ni chumba kimoja chembamba, kabati za vioo kulia na kushoto, katikati njia ya mtu mmoja. Ukuta wa mwisho amebandika ukurasa wa gazeti, ule wa matangazo madogo madogo. Lenzi haiingii wala haitoki pale kabla haijapiga picha ukurasa ule. Ndiyo kanuni yake, hata uwe na haraka ya kwenda kujifungua.

"Karibu, mama. Unataka lenzi ya nini?"

"Ya kuonyesha sura za watu."

"Uliyonayo imefanya nini?"

"Imeangushwa."

Hakuuliza na nani. Fundi mstaarabu.

Akanitolea ya milimita hamsini. Fupi, haivuti wala hairudi, ukimtaka mtu karibu unamfuata kwa miguu yako. Nikaifunga kwenye kamera, nikalenga gazeti, nikazungusha pete ya lenzi kwa mkono.

Hapa niseme jambo. Sijawahi kuiachia kamera initafutie fokasi, picha isiwe na ukungu. Kazi hii niliianza enzi za filamu, na kwangu mtu anayewasha otomatiki ni sawa na mpishi anayemuuliza jirani kama chakula kimeiva. Nazungusha pete mwenyewe, najua ninachokifanya.

Nikabonyeza. Fundi akaiweka picha kwenye kompyuta. Ukungu.

"Hii mbovu," nikasema.

"Mama, boksi umelifungua wewe mwenyewe sasa hivi. Gundi yake bado iko kwenye kucha yako."

"Basi wamekutapeli."

Akatoa ya themanini na tano. Nene, nzito, kioo chake kikubwa unaweza kujitengenezea nywele. Nikazungusha, nikabonyeza. Ukungu. Akatoa ya kuvuta, ya ishirini na nne hadi sabini, kampuni nyingine kabisa. Ukungu.

"Tatu mfululizo," nikasema. "Ndugu yangu, mzigo wako wote umeharibika."

Mteja aliyekuwa akisubiri nyuma yangu akarudisha pochi mfukoni, akatoka taratibu.

Fundi alimsindikiza kwa macho hadi barabarani. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe hiyo iliyoangushwa."

Nikampa, nikiwa na uhakika wa asilimia mia. Akaifunga kwenye kamera yangu, akaiweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akasukuma swichi ndogo iliyo ubavuni mwa lenzi kuelekea kwenye otomatiki.

"Hiyo swichi huwa haiguswi," nikasema.

"Nimeshaigusa."

Klik. Akageuza kompyuta upande wangu.

Mtu anauza kitanda cha mtoto. Mwingine amepoteza cheti cha kuzaliwa, atakayekiokota apige namba hii, na namba yote ilisomeka. Kulikuwa na nukta. Nukta niliziona.

"Hii haijaanguka," fundi akasema.

"Labda iliangukia kitu laini."

"Ikianguka, pete hukwama, au kuna kitu kitalia ndani. Sikiliza." Akaitikisa sikioni mwangu. Kimya. Akazungusha pete, ikaenda na kurudi bila kinyongo. "Nani alikwambia imeanguka?"

"Kuna mtu."

"Anaijua kazi?"

"Mimi nilidhani anaijua."

Akanivutia kiti. "Kaa hapo, mama. Nisomee tangazo la tatu kutoka juu, pale ukutani."

Nikakaza macho. "Zabuni ya ujenzi wa choo cha shule."

"Hilo ni darasa la ushonaji."

"Limeandikwa vibaya."

Alichukua kamera, akanionyesha kigurudumu kidogo pembeni ya kidirisha ninachochungulia. Nimekaa na kamera ile miaka tisa. Naifuta kila Jumatatu kwa kitambaa laini, kigurudumu kile nakifuta pia.

"Hiki umewahi kukizungusha?"

"Hapana."

"Ulidhani ni cha nini?"

"Pambo."

"Weka jicho. Nitazungusha, utasema basi."

Nikaweka jicho. Gazeti likawa kijivu, kisha kijivu chenye mistari. Kisha nikaona herufi. Nikaliona darasa la ushonaji. Nikaliona jina la mwalimu wa ushonaji, na siku za masomo, na kwamba wanaoanza wanakaribishwa.

"Basi," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Kigurudumu hiki kinailinganisha kamera na jicho la mwenyewe. Macho yako yamebadilika, mama, nacho hukukigusa. Ulikuwa unazungusha pete mpaka kwako ikae sawa, kumbe kwa kamera haijakaa. Lenzi huhitaji. Kapime macho, uvae miwani, uendelee na kazi."

Niliona aibu, jamani. Si aibu ya kusimulia na kucheka. Nilitamani kabati lile la vioo lifunguke niingie, nikae pamoja na lenzi zilizotumika.

Nilimkumbuka wifi. Siku ile pale shuleni, baada ya wanafunzi kumi tu, aliangalia kioo cha nyuma ya kamera akaniambia polepole, watu wasisikie, "Wifi, mimi naona kama zina ukungu." Nikamjibu kwa sauti, walimu wakasikia, kwamba ukungu uko machoni mwake.

Mtu mwenye akili timamu angetoka pale akaenda moja kwa moja kwa wifi yake. Magoti ninayo, njia naijua.

Mimi nikasema, "Nionyeshe nyingine."

"Nyingine ya nini?"

"Lenzi. Nanunua."

"Mama, nimekwambia hii ni nzima."

"Nimesikia. Ndiyo maana nanunua."

Msinikodolee macho. Fikirieni. Nikirudi na lenzi ile ile, Jumamosi picha zikatoka safi, mama mkwe atauliza iliponaje. Na nilikula kiapo. Studio yenyewe ni mlango mmoja, pazia la kijivu, stuli na taa mbili, lakini kila asubuhi ninayeifungua ni mimi. Nina miaka hamsini na mbili na sijui kufanya kitu kingine chochote. Hata kushona sijui, ingawa sasa najua pa kujifunzia.

"Nataka lenzi inayoonekana mpya," nikamwambia fundi. "Hata kwa mtu asiyejua kamera."

Akanitazama. "Miaka yote hapa, watu huuliza lenzi inaonaje. Wewe unauliza inaonekanaje."

"Zipo au hazipo?"

Akatoa moja ndefu kama mkono, ya mia mbili. Nikaipenda papo hapo. Mama mkwe angeinyamazia.

"Inafaa wanafunzi mia moja na kumi na wanane kwa pamoja?"

"Inafaa. Ila utasimama ng'ambo ya barabara, na maagizo utawapa kwa simu."

Akatoa nyingine, fupi, imevimba mbele. "Hii ni pana. Wote mia moja na kumi na wanane wataingia ukiwa hapo hapo karibu. Ila wa pembeni kabisa vichwa vitavutika."

"Vitavutika kiasi gani?"

"Kama matikiti."

"Watu wangapi?"

"Wawili kila upande."

Niliwafikiria wale wanne kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Mwishowe nikawaonea huruma.

Nikachagua ya kuvuta, ya ishirini na nne hadi sabini, nene kidogo kuliko ile yangu, yenye duara la rangi ya fedha mdomoni.

"Hii kazi yake ni ile ile ya lenzi yako," fundi akasema.

"Ina duara la fedha."

"Duara halifanyi kazi yoyote."

"Nifungie."

Ile ya zamani nikamwachia yeye, nikaongezea akiba ya kuziba paa la jikoni. Jikoni kwetu kunavuja mpaka leo, mjue. Kuiacha haikuwa kwa ajili ya bei. Nilitaka isirudi nyumbani, wifi asije akaishika, akaifunga kwenye kamera na kupiga picha hata ya ukuta.

"Mtu akija kukuuliza," nikamwambia fundi nikiwa mlangoni, "sema ilikuwa mbovu."

Alikuwa ameshaiweka kabatini, na karatasi ameshaibandika: NZIMA KABISA.

"Siwezi, mama. Nikisema mbovu nitamuuzia nani?"

Alhamisi mchana nikaijaribu nyumbani. Mama mkwe tunaishi naye. Nilimkalisha karibu na dirisha, nikasogeza swichi kwenye otomatiki huku nimempa mgongo, nikapiga picha moja. Nikaifungua kwenye kompyuta, mume wangu naye akasogea.

Mama mkwe akaitazama. "Huyu mzee ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Zile za ukungu zilikuwa nzuri zaidi."

Lakini alisogeza uso karibu, akahesabu nyuzi za kanga yake, akakohoa. "Haya. Basi kweli ile lenzi iliharibika. Na huyu binti yangu alitutazama machoni akatudanganya."

Ningeweza kusema neno hapo. Nilikuwa nafuta lenzi.

Mume wangu anatengeneza friji, ni mtu wa maneno machache, na wiki tatu hizo alikuwa ameyapunguza zaidi. Alisimama na dada yake tangu siku ya kwanza. Kwangu alikuwa akiniuliza chumvi iko wapi na sabuni iko wapi, akishajibiwa anageukia ukutani. Sasa alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mke wangu, nilikununia bure. Nisamehe."

"Nimekusamehe," nikasema.

Ndivyo nilivyoanza kuwasamehe wasionikosea. Neno lilitoka kirahisi mno.

Mama mkwe alikuwa ameshashika simu. "Wewe binti, kesho saa kumi nakutaka hapa. Hapana, huumwi. Uje."

Ijumaa saa kumi wifi akabisha hodi kwenye nyumba aliyozoea kuingia bila hodi. Alikuwa amekonda. Hakukaa kwenye kochi, alikaa kwenye stuli ya jikoni, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Aliwaamkia mama yake na kaka yake. Mimi aliniambia, "Habari za kazi, wifi." Nikamwambia nzuri.

Mama mkwe akaanza. "Tumekuita tuyamalize. Lenzi mpya imenunuliwa, picha tumeziona. Hatutaki kelele. Tunataka ukweli."

Nilijiandaa kumsikia akikana. Alivyokana mara ya kwanza alikana vizuri, na nilikuwa nimeshapanga majibu.

Wifi aliangalia sakafu. "Nimechoka, mama," akasema. "Sitaki maneno marefu. Niliiangusha."

Mume wangu akainua kichwa. "Unasemaje?"

"Niliiangusha, kaka. Tulikuwa tunashuka ngazi pale shuleni, baada ya kumaliza ghorofa ya juu. Mkanda wa begi ukakatika, lenzi ikatoka ikadunda vidato viwili. Nikaifuta, nikairudisha. Niliogopa kusema."

Wasomaji, shule ile nimepiga picha miaka sita. Haina ghorofa. Madarasa yote yako chini, uwanja umenyooka, na kwenye milango yake hakuna hata kidato kimoja cha kujikwaa. Mkanda wa begi uko msumarini studio, mzima, naupachika kila jioni.

Niliona yote. Nilijua anasema uongo, na nilijua anausema kwa faida yangu, na sikujua ni kwa nini. Nikajiambia amechoka kununiwa na anataka kurudi kazini. Nikajiambia ni mtu mzima, amechagua mwenyewe.

Mume wangu alisimama. "Uliniapia," akamwambia. "Ulinishika mkono huu ukaniapia. Nimegombana na mke wangu wiki tatu kwa ajili yako."

Kaka yake akatoka nje, akauacha mlango wazi. Tulimsikia akisogeza ndoo ambayo haikuwa na haja ya kusogezwa. Wifi alikuwa akimwangalia kupitia mlangoni, na chozi likamshuka, akalifuta kwa kiganja. Hilo halikuwa la uongo. Hao wawili walilelewa sahani moja, tangu nimeolewa sijawahi kumsikia akimpandishia sauti.

Roho ilinisuta, sikatai. Neno lenyewe lilikuwa fupi tu: *ni macho yangu*. Mtoto wa miaka miwili analiweza.

"Mkwe," mama mkwe akasema, "mwenzako ametamka. Na wewe tamka, yaishe. Kesho mna kazi."

Nikainuka, nikanyoosha mkono. Wifi akainuka, akaupokea.

"Nimekusamehe, wifi," nikasema.

Sauti ilitoka safi, haikukwama popote. Tena nikaongeza, "Ni mambo ya kazi, huwa yanatokea."

Mama mkwe akamshukuru Mungu kwa sauti. Nikataka kuurudisha mkono wangu, nao haukurudi. Wifi alikuwa bado ameushika.

Hakuwa analia tena. Alikuwa ananitazama vile anavyowatazama wateja anapowapanga kwenye stuli, kidevu juu kidogo, tulia, usipepese.

"Mama," akasema, macho bado yako kwangu, "mwite kaka arudi ndani."

"Ya nini tena? Si yameisha?"

"Mwite, mama."

Mama mkwe akaita. Mume wangu akaja akasimama mlangoni, ndoo mkononi, uso umemwiva.

Wifi akanibana vidole.

"Wifi, shule ile wewe unaijua kuliko mimi. Hebu waambie mama na kaka." Akavuta pumzi. "Ngazi zake ziko upande gani?"